Mbuzi Waliopokelewa na Serikali

Gachanja alishinda kesi yake dhidi ya serikali, na kabla ya wiki kwisha watu wa Kamenu, mtaa wake wa zamani Thika, walikuwa wameshaanza kumwuliza anarudi lini. Hawakuwa wakimchokoza. Mtu akishinda kesi ya nyumba hupewa nyumba, ndivyo kila mtu ajuavyo. Gachanja naye alidhani hivyo hivyo, na ndiyo sababu siku ile mahakamani Thika, jaji alipomaliza kusoma kwamba mahakama inamtangaza mlalamishi kuwa ndiye mwenye haki ya nyumba ile, alibaki amesimama akingoja sehemu inayofuata, ile ya kuwaamuru watu watoke. Sehemu hiyo haikuja. Jaji alifunga faili na kuita kesi ya ndugu wawili waliogombania mpaka.

Nje kwenye ngazi, wakili wake Viola alimweleza pole pole. Mpangaji mwingine yeyote aliyekataa kuhama angeletewa dalali wa mahakama, viti vyake vikatupwa barabarani na kufuli ikabadilishwa mchana kweupe. Serikali haifanyiwi hivyo. Sheria inaikataza mahakama kuitoa serikali kwenye nyumba ya mtu, na inaikataza pia kuishurutisha itimize mkataba iliotia sahihi yenyewe. Mahakama inaruhusiwa kutangaza nani ana haki, basi. Kutoka hapo inategemewa kwamba serikali itaona haya.

"Na isipoona haya?" Gachanja aliuliza.

"Tutaendelea kuwaandikia," Viola alisema. "Lakini ujue tumeshinda, Mzee. Si wengi wanafika hapa."

Gachanja alimshukuru, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akarudi Kiuu, alikopanga, na hasira ya kutosha watu watatu.

Mambo yalikuwa yameanza vizuri, na serikali huwa hatari hasa inapoanza vizuri. Gachanja na mkewe Wangechi waliijenga nyumba ile ya Kamenu kidogo kidogo, chumba baada ya chumba, wakati wote wawili wakiwa vijana wa kiwandani. Baadaye Gachanja akafungua duka la vipuri vya pikipiki Kiuu, kule Ruiru karibu na Githurai, na kwenda na kurudi kila siku kukamchosha. Ndipo Idara ikaja. Idara yenyewe sitaitaja. Yenyewe ina ofisi nyingi, na Gachanja alikuwa na nyumba moja. Waliomba wakae pale kwa muda tu, mpaka jengo lao likamilike. Mkataba ukaandikwa, ukapigwa mihuri, ukataja siku ambayo watatoka, watabomoa vyumba vya mbao watakavyoongeza na kukabidhi funguo. Siku hiyo ilifika na kupita kama siku nyingine yoyote. Jengo lao halikupanda zaidi ya msingi. Na kodi walikuwa wakilipa, tena kwa wakati, jambo lililomharibia Gachanja kabisa mbele za watu: kila aliyemlalamikia alimwuliza anataka nini zaidi.

Alichotaka ni mlango wa jikoni. Wangechi, katika ugonjwa uliomchukua, alimshika mkono akamwambia kwamba binti yao wa pekee, Idah, siku ya kuolewa atolewe nyumbani, kwa mlango ule wa jikoni alikojifunzia kupika. Asitolewe kwa ploti ya watu, kwenye vyumba vya kupanga. Gachanja aliahidi bila kufikiri mara mbili, maana wakati huo nyumba ilikuwa bado na tarehe ya kurudishwa, na yeye alikuwa bado anaziamini tarehe.

Sasa Idah alikuwa anaolewa. Mchumba wake, Mumo, alikuwa kijana wa Kikamba kutoka Ngoliba, mashariki ya Thika, na baba yake Mumo, mzee Kimeu, alikuwa ameshatuma ujumbe mara mbili kwamba mbuzi wa ntheo wako tayari. Kwa Wakamba, mbuzi hao wasipopelekwa kwa kina msichana na kuliwa na pande zote mbili, mke hahesabiwi kuwa mke, hata akizaa watoto wa kujaza darasa. Mara zote mbili Gachanja alijibu kwamba wangoje kidogo, kesi inakaribia kwisha. Hakutaka kuwapokea wakwe ghorofa ya tatu Kiuu, mahali ambapo mtu akikohoa jirani humwambia pole.

Idah alivumilia mpaka uvumilivu ukamwishia. Jioni moja alipokuwa akiosha vyombo, bila kugeuka, alimwambia baba yake jambo ambalo bila shaka alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Baba, hiyo nyumba iko na kesi yake. Mimi pia niko na maisha yangu. Ikifika Agosti kama bado, nitaenda tu Ngoliba, nikae na Mumo, hizo mbuzi zitajua penye zitanipata."

Gachanja hakulala vizuri. Come-we-stay, yaani msichana kuhamia tu kwa kijana na mfuko wake wa nguo, ilikuwa imeshapita kwenye nyumba nyingi alizozijua na hakuna aliyekufa. Lakini Wangechi hakuomba hilo. Kufikia asubuhi alikuwa amekata shauri: mbuzi wangeletwa Kamenu, Jumamosi ya mwisho ya Juni. Mahakama ilishasema nyumba ni yake. Jumamosi ofisi hufungwa, getini hubaki askari peke yake, na uani nyuma ya jikoni kulikuwa na nafasi ya kutosha watu arobaini. Dada yake, Rachael, alimshauri aende kwanza amwombe ruhusa mkubwa wa Idara. Gachanja alimtazama mpaka Rachael akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. Mtu hapigi hodi kwake mwenyewe, alisema, na akipiga hodi mara moja tu amekwisha. Viola hakuambiwa lolote.

Kosa lake lilikuwa moja, na ni kosa la mtu aliyefanya kazi kiwandani na dukani lakini hajawahi kufanya kazi serikalini. Alisahau kwamba mwaka wa serikali huisha Juni. Wiki ya mwisho ya mwezi huo ofisi zilizolala tangu Krismasi huamka ghafla. Kila kitu kilichoagizwa lazima kiingie stoo kabla ya tarehe thelathini, la sivyo fedha hurudi zilikotoka na mkubwa huulizwa maswali. Jumamosi hiyo Idara yote ilikuwa kazini, wamevaa nadhifu, wanakunywa chai ya pamoja kwenye veranda. Malori yalikuwa yakiingia tangu alfajiri na viti, katoni za karatasi na mashine za kuangulia vifaranga za vikundi vya wakulima. Askari wa getini, Kyengo, alipewa amri moja: kila kinachokuja kipokelewe, maswali baadaye.

Kimeu naye alikuwa na kosa lake. Alioa kwa Wakamba, akawaoza mabinti wake kwa Wakamba, na akiambiwa saa nne hufika saa tatu, kwa sababu haoni vizuri mbuzi kusafirishwa juani. Gachanja alikuwa amemwambia saa nne akijua kwamba ni saa sita, kama wenyeji wote wa Kamenu wanavyojua.

Basi saa tatu asubuhi Kimeu na watu wake walifika kwenye geti la kijani waliloelekezwa. Wakakuta watu wengi waliovalia vizuri, chai inamiminwa, mandazi yako mezani, na askari anayefungua geti kabla hawajabisha. Kimeu alivutiwa sana na mapokezi hayo. Akatoa salamu, akasema wameleta zile mbuzi. Kyengo, aliyefurahi kusikia Kikamba asubuhi ile, akamwambia zilikuwa zinangojewa. Mtu wa stoo akaja, akawahesabu: mbuzi, watatu. Akawaandika chini ya vile vifaa vya vifaranga, akawapeleka nyuma, akawafungia katika kilichokuwa zamani banda la kuni la Wangechi. Wageni wakapewa viti na chai. Kwa muda mrefu kila upande uliusifu mwingine moyoni.

Gachanja alifika na pikapu ya viti vya kukodi kutoka Ruiru, Rachael na akina mama wengine wakiwa nyuma, Idah katikati yao na gauni lake jipya. Alimwona Kimeu kwenye veranda yake, kikombe mkononi, akiongea na mwanamke mfupi mwenye miwani kuhusu minyoo ya mbuzi. Kwanza moyo wake uliruka kwa furaha. Alidhani serikali imeona haya.

Mwanamke yule alikuwa Emmah, mkubwa mpya wa Idara pale, aliyehamishiwa Thika miezi michache nyuma. Ilimchukua Gachanja muda mfupi kueleza na Emmah muda mfupi zaidi kuelewa. Emmah hakuwa mtu mbaya, na hilo lilifanya jambo liwe gumu zaidi, maana mtu mbaya angalau unaweza kumfokea. Alimkaribisha Gachanja kando, akamwita Mzee wangu, akamweleza sauti ikiwa chini. Mbuzi wamepokelewa. Kilichopokelewa ni mali ya serikali mpaka ionyeshwe kwamba kiliingia kimakosa. Wakaguzi wanakuja Jumatatu, na yeye hataki kukutwa na mbuzi walioingia wakatoka bila maelezo.

Gachanja alisema maelezo yapo: mbuzi ni wa mahari ya binti yake, wameletwa kwake.

Emmah alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake. "Hapo ndio shida iko, Mzee wangu. Kama zimeletwa kwako na hapa ni kwako, hiyo inakuwa ile kesi. Ile kesi mimi siwezi gusa, ni ya wakili wa serikali huko Nairobi, na zitakaa hapa mpaka aseme. Lakini kama hao wazee walikuwa wanaenda boma ingine wakapotea njia, hiyo ni makosa ya kawaida. Nazifungulia saa hii. Wewe sema tu, mbele ya hawa wawili, hapa si kwako."

Alimwonyesha mtu wa stoo na Kyengo, ambao walikuwa wamesogea na kusimama wima kama watu wanaopigwa picha.

Gachanja alimpigia Viola. Simu ilikuwa imezimwa, na ingezimwa mpaka jua litue, kwa sababu Viola ni Msabato. Rachael akapendekeza wanunuliwe mbuzi wengine sokoni, mchezo uishe. Kimeu, ambaye sasa alikuwa ameweka kikombe chini na kuelewa alikunywa chai ya nani, alisikia hilo akaja taratibu na fimbo yake. Alikuwa na haya ya mkwe, akaongea akitazama chini.

"Mzee mwenzangu, mimi si mtu wa koti na mawakili. Mbuzi ya ntheo haibadilishwi kama kiatu. Hizi ndizo zilitajwa kwa wazee wetu, na zikitoka nyumbani hazirudi. Leo zitaliwa. Kama hapa ni kwako, niambie, nitakaa hapa na watu wangu hata mpaka kesho, tungoje. Kama si kwako, tuonyeshe kwako."

Hakuna aliyemfokea Gachanja, na yeye alitamani mtu angemfokea. Alitazama uani. Mlango wa jikoni ulikuwa umezuiwa na katoni za karatasi mpaka usawa wa kufuli. Mwaka huo wote wa mahakama alikuwa ameusema mlango huo mbele ya makarani na mawakili, na hakuna siku aliyojiuliza kama bado unafunguka. Aliwaza kusema hapa ni kwangu na kungoja. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, haki iliyosomwa na jaji mwenye joho. Na kwa vile alivyomjua wakili wa serikali, mbuzi wale wangezeekea kwenye banda la kuni, Kimeu angechoka kukaa kwenye viti vya Idara, na ifikapo Agosti Idah angefunga mfuko wake.

Idah alikuwa amesimama kando ya pikapu, vumbi limeshaingia kwenye pindo la gauni. Mumo alikuwa karibu naye lakini hawakushikana; mbele ya wazee haikufaa. Idah alikuwa anamtazama baba yake bila kumsihi. Gachanja alimjua binti yake: angepokea lolote ambalo baba yake angesema, kisha angeondoka. Aliona hofu yake ilivyojificha nyuma ya ule utulivu, na akaumia kwamba ni yeye aliyeitia pale, yeye na Wangechi pamoja, kwa kuipenda nyumba.

"Hapa si kwangu," alisema.

Emmah aliomba radhi, akasema mtu wa stoo hakusikia vizuri kwa sababu ya lori.

"Hapa si kwangu," Gachanja alirudia kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. "Hawa wageni walipotea njia. Mimi nakaa Kiuu."

Kimeu aligeuka akaanza kuchunguza fimbo yake kana kwamba ina kwato za kukaguliwa, maana si adabu kumtazama mkwe wako akivuliwa nguo. Mtu wa stoo alipiga mstari juu ya mbuzi, akaandika aliyoyasikia, Kyengo akatia sahihi kama shahidi, na banda la kuni likafunguliwa. Jambo lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Jaji wa mahakama kuu alikuwa amesema nyumba ni ya Gachanja, na neno lake halikusogeza hata kiti. Gachanja alisema si yake, na mbuzi watatu wakatoka mara moja wakitembea. Emmah mwenyewe aliwasindikiza mpaka getini, akamtakia Idah ndoa yenye baraka, na alimaanisha.

Walienda Kiuu. Mukonyo, mwangalizi wa ploti, hakupenda kabisa habari za kuchinja pale, lakini alipoahidiwa mguu alipata maji ya bure ya kuoshea. Mbuzi walichinjwa kando ya tangi. Wapangaji walifungua madirisha, na kufikia alasiri nusu yao walikuwa wameshuka na sahani zao bila kualikwa. Wazee walipanda mpaka ghorofa ya tatu wakipumzika kila ngazi, wakabanana kwenye kochi na vitanda vilivyosogezwa, wakala, wakasema waliyopaswa kusema. Kimeu alikubali mkono wa Gachanja na kuushika kwa muda mrefu. Idah alitolewa kwa mlango wa chuma wenye namba iliyopakwa rangi, akina tata, shangazi zake, wakiimba kwenye korido nyembamba hata wakalazimika kupanga foleni ya kucheza. Alikuwa anacheka. Gachanja alisimama jikoni, penye jiko la gesi na karai, akamwomba Wangechi msamaha kimoyomoyo, kisha akarudi kwa wageni kwa sababu soda zilikuwa zinakwisha. Vijana waliondoka mapema kwenda kupigwa picha Chania, kwenye maporomoko.

Jumatatu alasiri simu ya Viola ilimkuta dukani, akimuuzia mtu mnyororo wa pikipiki. Wakili wa serikali alikuwa ameshamwandikia, kwa mara ya kwanza tangu hukumu, tena siku hiyo hiyo alipopata ripoti kutoka Thika. Gachanja alifunga duka akaenda. Viola alikuwa ameketi nyuma ya meza yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa na hasira asubuhi ikamchosha.

Alimwuliza kama ni kweli alisema nyumba si yake. Gachanja akasema ni kweli. Akamwuliza kama alilazimishwa, kama kuna aliyemtisha, kama alikuwa mgonjwa siku hiyo. Alikuwa anamtafutia pa kutokea, na Gachanja aliliona hilo na kulishukuru, lakini akasema hapana. Aliambiwa achague, akachagua. Alisema mara mbili, na mara ya pili alisema kwa nguvu ili waandike vizuri.

Viola alisukuma barua kando. "Mzee, nilikueleza siku ile. Nyumba hawangekupa, na hakuna koti ingewatoa. Tulikuwa tumebaki na hilo neno peke yake, ati ni yako. Sasa wamelipata kutoka kwa mdomo wako."

"Najua," Gachanja alisema. "Na mimi nilikuwa nimebaki na Idah peke yake."

Viola alimtazama, kisha akauliza kama wageni walikula vizuri. Gachanja akasema walikula vizuri sana.